Simu Haishiki Ndani: Somo kwa Anayehamia Nyumba Mpya

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa ajizi ni nyumba ya njaa. Hawakukosea. Lakini leo nataka kuwaeleza habari za nyumba iliyotuletea hasara bila ajizi ya mtu yeyote, kisha niwafunze nilichojifunza ili yasije yakawapata na ninyi.

Mnamo Januari 2025 tulihama kutoka nyumba ya mabati kule Soweto, papa hapa Kayole, tukaingia nyumba ya mawe katika jengo jipya la ghorofa upande wa Masimba. Tulifurahi si haba. Choo kilikuwa ndani na mita ya stima ilikuwa yetu wenyewe, haina ubia na jirani. Kabla ya kulipa dipositi, mamangu alikagua kila kitu. Alifungua mfereji, akawasha taa, akagonga ukuta kwa ngumi, akamwuliza keateka kuhusu maji na takataka. Tukiwa bado tumesimama pale mlangoni simu ya kakangu ililia, akaongea mpaka akamaliza. Nani angefikiri kuuliza habari za netiwaki?

Kakangu alimaliza Kidato cha Nne mwaka wa 2023 na tangu hapo amekuwa akifanya vibarua. Wiki ya tatu baada ya kuhama alikuwa akingoja kazi ya miezi 6 katika ghala moja la Viwandani. Msimamizi alikuwa amemwambia, "Kijana, weka simu karibu. Nafasi ikitokea nitakupigia asubuhi na mapema." Naye akaiweka karibu, chini ya mto. Jumanne moja alifungua mlango saa moja ili akaoshe uso, na hapo jumbe zikaingia kwa mfululizo. Alikuwa amepigiwa mara 3 kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili. Alipopiga, msimamizi hakumgombeza. Alimjibu kwa upole tu, "Ningefanyaje, kijana? Ulikuwa hupatikani. Nimemchukua aliyepatikana."

Siku hiyo kakangu hakula chakula cha mchana. Mama naye, aliporudi kutoka sokoni, aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa Fizikia kisa hiki, aliniuliza, "Je, mmepima, ama mmelalamika tu?" Makala haya ni matokeo ya kupima.

MAWIMBI HUTOKA WAPI?

Simu haina uzi, lakini haizungumzi na hewa tupu. Huzungumza na antena zilizo juu ya mnara, ule ambao watu wengi mtaani huuita busta. Hapa Eastlands antena nyingi hazina mnara wa peke yake. Zimefungwa juu ya paa la jengo refu. Baina ya antena na simu husafiri mawimbi ya sumaku-umeme, ndugu wa mwanga wa jua, kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Mjerumani Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha katika miaka ya 1880 kwamba mawimbi haya yapo, na ndiyo maana masafa yake hupimwa kwa hezi.

Katika nchi yetu simu za 2G hutumia masafa ya megahezi 900 na 1800, na za 4G hutumia, miongoni mwa mengine, 800 na 1800. Ukigawanya kasi ya mawimbi kwa masafa utapata urefu wa wimbi moja. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na la 1800 lina nusu yake. Likumbuke jambo hili: kwa kawaida wimbi refu hupenya ukuta na kupinda konani vizuri kuliko wimbi fupi.

KWA NINI HAYAINGII NDANI?

Mwaka wa 1836 mwanasayansi Michael Faraday alijenga chumba huko London, akakizungushia karatasi ya chuma, akaingia ndani. Nje umeme wa nguvu nyingi ulitupwa juu ya chumba, naye ndani hakudhurika hata kidogo. Chuma kilichozunguka pande zote kilizuia umeme usimfikie. Kanuni hiyo hiyo huyazuia mawimbi ya simu. Jaribu mwenyewe: funga simu kabisa kwa karatasi ya aluminiamu inayofunikiwa vyakula, kisha uipigie. Nilipofanya hivyo haikulia. Nilipoitia ndani ya sufuria na kuifunika ililia, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimepinda kikaacha mwanya. Mawimbi ni kama maji, hayahitaji mlango, hutosheka na mwanya.

Sasa itazame nyumba ya ghorofa ya hapa Kayole. Juu yako na chini yako kuna slabu ya zege iliyofumwa nondo ndani yake. Kuta ni za mawe. Dirisha ni moja, nalo lina vyuma. Mlango ni wa chuma kitupu. Ukuta wa jirani uko karibu hata ukinyoosha mkono unaugusa. Sisi tunakaa ghorofa ya kwanza upande wa nyuma, na baina yetu na antena kuna majengo matatu. Kila kizuizi hula sehemu ya mawimbi, na yanayotufikia ni makombo.

Mtauliza, mbona kule Soweto tulikuwa tukipata ilhali nyumba nzima ilikuwa ya chuma? Swali zuri. Mabati yale yalikuwa na matundu na mianya ya kila namna, dari halikuwapo, na hakukuwa na ghorofa juu yetu. Mvua ilikuwa ikiingia, na mawimbi vilevile.

Kizuizi kingine ambacho watu hawakijui ni maji. Maji hufyonza mawimbi. Mwili wa binadamu pia una maji mengi, ndiyo maana ukiishika simu kwa kuifumbata yote kiganjani netiwaki inaweza kushuka.

JINSI YA KUPIMA

Usiviamini sana vile vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu. Kila mtengenezaji huvichora apendavyo. Katika simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, kisha "kuhusu simu", kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa nambari yenye alama ya kutoa, kwa mfano -85 dBm.

Nambari hizi huwachanganya watu, kwa hivyo zifikirie kama deni. Mwenye deni la 70 ana nafuu kuliko mwenye deni la 110. Kwa kadiri, katika 4G, -85 na nafuu zaidi ya hapo ni nzuri. Kufikia -100 bado utazungumza. Ikipita -105 simu huanza kukatika. Ikikaribia -115 huwa hupatikani. Kumbuka pia kwamba kila hatua ya 10 hugawanya nguvu kwa 10. Kutoka -80 hadi -90 umebaki na sehemu moja ya kumi, na kutoka -80 hadi -100 umebaki na sehemu moja ya mia. Linganisha nambari za aina moja ya mtandao tu, 4G kwa 4G na 2G kwa 2G.

Nilichukua daftari na simu ya kakangu, nikapima kila mahali mara 3 kwa siku, kwa muda wa siku 5, nikatafuta wastani. Haya ndiyo niliyoyapata:

Juu ya paa tunakoanika nguo: -72
Langoni, kando ya barabara: -80
Mlangoni petu, mlango ukiwa wazi: -92
Mezani, mlango ukiwa wazi: -98
Mezani, mlango umefungwa: -108
Dirishani, mlango umefungwa: -99
Kitandani, mlango umefungwa: -112

Baina ya paa na kitanda kuna hatua 40. Maana yake ni kuwa pale kitandani, chini ya mto wa kakangu, palifika sehemu moja ya 10,000 ya mawimbi yaliyokuwa juu ya paa.

Lakini nambari zilizonifungua macho ni zile mbili za mezani. Mlango wa chuma pekee ulikuwa ukila sehemu 9 kati ya 10 za mawimbi. Siku ile ya kuona nyumba tulisimama mlangoni, mlango ukiwa wazi, simu ikalia, tukaridhika. Alfajiri ile ya Jumanne mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kama ipasavyo kila nyumba ya Kayole alfajiri. Nyumba haikutudanganya. Sisi ndio tulioijaribu ikiwa wazi, na hakuna anayelala mlango wazi.

TULIVYOFANYA

Kwanza, tulihamisha mitungi ya maji. Mama alikuwa ameipanga mitungi 6 ya lita 20 dirishani, mmoja juu ya mwingine. Tulipoipeleka upande wa choo, kipimo cha dirishani kilipanda kutoka -99 hadi -95. Ni kazi ya dakika 5 na haina gharama.

Pili, tuliipa simu makao yake. Mama alishona mfuko kwa kipande cha sare yangu ya zamani, tukautundika kwenye vyuma vya dirisha, kwa ndani. Simu hulala humo, sauti ikiwa juu. Anayepigiwa huifuata dirishani, au hutumia vifaa vya masikioni vyenye waya na kuiacha simu pale pale.

Tatu, tulijaribu 2G. Mezani, mlango umefungwa, tulipiga simu mara 10 kwa simu ya kakangu ikiwa katika 4G, zikapita 4. Tulipoipanga itumie 2G pekee zikapita 7. Mulika mwizi ya mama ilipitisha 8, na kumbe siku zote tulikuwa tukiicheka! Ubaya ni kuwa ukiwa katika 2G intaneti hutambaa kama kobe. Basi kakangu huweka 2G usiku anapongoja simu na kurudisha 4G mchana.

Nne, tulijaribu laini za kampuni nyingine. Usinunue kwanza, azima ya jirani, uitie katika simu yako, usimame pale pale penye shida, upime. Kampuni nyingine yaweza kuwa na antena upande wa pili wa jengo. Ukiona inashika vizuri, tangu 2011 sheria za nchi yetu zinakuruhusu kuhamia kampuni nyingine bila kubadilisha nambari yako.

Tano, tulielekeza simu. Ukibonyeza **62* kisha nambari ya mtu mwingine kisha # na kupiga, simu zako zitamwendea mtu huyo wakati wewe hupatikani. Ukitaka kuondoa bonyeza ##62#. Iulize kampuni yako gharama kwanza, kwa kuwa anayeelekeza ndiye huweza kutozwa. Simu za kakangu humwendea mama, ambaye huondoka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga. Mama akipokea hawezi kumpata kakangu, kwa hivyo humpigia jirani wa ghorofa ya nne, naye huteremka akagonga mlango wetu. Njia ni ndefu, lakini ujumbe hufika.

Sita, wenye wifi nyumbani wana bahati. Simu nyingi za kisasa zaweza kupiga na kupokea kupitia wifi kama kampuni inaruhusu, na hapo ukuta si hoja tena.

Tena jueni kutofautisha magonjwa, maana dawa ya tumbo haitibu jino. Vijiti vikiwa vimejaa lakini simu haipiti saa mbili usiku, huenda watu ni wengi kwenye mnara mmoja. Ngoja kidogo upige tena. Netiwaki ikipotea mtaa mzima stima inapokatika, huenda betri za mnara zimekwisha. Na simu ikiishiwa na chaji upesi tangu uhamie, usiilaumu betri. Simu iliyo mbali na mawimbi hupaza sauti yake ili isikike, na anayepaza sauti huchoka mapema.

YASIYOFAA

Kuna stika zinazouzwa zikisemekana kuongeza netiwaki. Nilinunua moja kwa shilingi 50, nikapima kabla na baada, nambari haikusonga. Fedha zangu zilikwenda arijojo. Kuna pia mashine za kuongeza mawimbi zinazoletwa kutoka ng'ambo. Usinunue kiholela. Vifaa vya redio huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mashine isiyoidhinishwa inaweza kuvuruga mawimbi ya mtaa mzima. Badala yake, peleka malalamiko kwa kampuni yako ukiwa na vipimo, tarehe na saa. Usiporidhika, ndipo uende kwa Mamlaka hiyo.

Jambo moja la kuokoa maisha: simu ikiandika kuwa ni simu za dharura pekee, maana yake laini yako haishiki lakini kampuni nyingine inashika. Piga 112, na simu itatumia mtandao wowote iliouona.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO?

Baadhi ya wazee watasema tunadeka. Zamani, enzi za Shirika la Posta na Simu ambalo liligawanywa mwaka wa 1999, watu walipanga foleni kwenye vibanda vya simu, na aliyeandikwa kazi aliitwa kwa barua. Ni kweli. Lakini barua ilingoja sandukuni mpaka ukaja kuichukua. Kencell na Safaricom zilipoanza kushindana mwaka wa 2000, simu ilianza kumfikia mtu wa kawaida, na M-Pesa ilipoingia Machi 2007, hela nazo zikahamia humo. Siku hizi kibarua, mteja wa mboga, karo na habari za mgonjwa vyote hupita kwenye simu, na simu haingoji. Asiyepatikana huhesabiwa kuwa hayupo.

Kwa walimu wetu nina ombi, nalo natanguliza samahani. Mwanafunzi anapougua darasani nanyi mkampigia mzazi mkaambiwa hapatikani, msidhani upesi kwamba nambari ni ya uongo au mzazi amezima simu. Mimi nimeshaulizwa swali hilo mbele ya darasa. Nambari ilikuwa ya kweli, na mama alikuwa nyumbani, mlango umefungwa. Ingekuwa vyema rejista iwe na nambari 2, ya pili ikiwa ya jirani.

Kwenu wenzangu, siku wazazi wenu watakapotafuta nyumba, nendeni nao. Wao wakifungua mfereji, ninyi ingieni ndani kabisa, pale kitanda kitakapokaa, mfunge mlango, mfunge na dirisha, kisha mpige simu na kupigiwa. Rudieni usiku ikiwezekana. Fanyeni hivyo kabla ya dipositi, kwa sababu baada ya dipositi ni majuto, nayo ni mjukuu.

Kazi ile ya miezi 6 haikurudi. Mnamo Mei 2025 simu ililia dirishani alfajiri, kakangu akaruka kitandani, akapata kibarua cha wiki 2 cha kupakua mizigo. Kabla ya hapo nilikuwa nimemnakilia keateka vipimo vyangu. Alicheka, akavikunja akavitia mfukoni. Lakini juzi nilimsikia akimwambia mama mmoja aliyekuja kuona nyumba ya chini, "Funga mlango kwanza, mama, halafu upige simu."

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Kiswahili kitukuzwe!

ZOEZI

1. Eleza kwa nini simu ililia mwandishi na jamaa zake walipokuwa wakiona nyumba, lakini haikulia alfajiri ya Jumanne.
2. Kipimo cha langoni ni -80 na cha mlangoni kilichofungwa nyumbani kwenu ni -110. Nguvu ya mawimbi imepungua mara ngapi?
3. Kokotoa urefu wa wimbi la megahezi 800.
4. Pima mawimbi katika sehemu 5 za nyumba yenu. Ni sehemu gani ungeiweka simu usiku, na kwa nini?
5. Tunga methali yako mwenyewe kuhusu mtu "asiyepatikana", kisha uieleze kwa sentensi 3.